Pointi za Mtoto Zinapimwa kwa Mizani Gani?

JAMAA NA SHULE



Mara hii tuongee juu ya buletini. Najua ni karatasi inayoweza kuharibu chakula cha jioni. Mtoto anaingia, anaiweka juu ya meza, anatoka mbio. Baba anatafuta mstari wa chini, pale asilimia inapoandikwa. Akikuta 58, anasema, "Sawa." Akikuta 43, anatafuta fimbo, ao anasema yale maneno tunayoyajua wote: "Mimi niko nachimba, weye unakula minervali yangu bure. Kesho tutaenda wote kwa shimo." Kisha karatasi inakunjwa, inawekwa chini ya godoro, na mambo yamekwisha.

Katika kelele zote hizo, hakuna aliyeuliza jambo moja: pointi hizi zilipimwa kwa mizani gani?

Ninyi mnaokaa karibu na machimbo mnajua mizani kuliko watu wa mji. Mnajua ile ndogo ya sahani mbili: upande huu punje za dhahabu, upande ule kijiti cha kiberiti ao sarafu ya zamani. Mchimbaji mwenye akili haangalii franga kwanza. Anaangalia ile sarafu: ni ileile ya jana? Imekatwa? Vidole vya mnunuzi viko wapi? Kwa dhahabu ya siku moja mnakuwa macho hivyo. Kwa mwaka mzima wa mtoto, mnaangalia franga tu.

KOSA LANGU MWENYEWE

Kabla ya kusema juu ya walimu wengine, niseme juu yangu. Nilifundisha miaka kadhaa katika sekisio ya pedagojia, mahali vijana wanatayarishwa kuwa walimu wa shule za msingi. Nilikuwa na masomo mawili, psikolojia na historia. Psikolojia, kwa wale wasioijua, ni elimu inayochunguza mwenendo wa mtu: namna anavyojifunza, anavyokumbuka, anavyoogopa. Mwalimu wa kesho anaihitaji kwa sababu atakuwa na watoto mikononi mwake.

Siku moja tulisoma habari za Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904. Aliona kwamba mbwa anayezoea kusikia mlio fulani kabla ya kupewa chakula, mwishoni mate yanamtoka kwa kusikia mlio tu, hata kama chakula hakipo. Niliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili. Siku ya ekzameni niliuliza: "Eleza jambo hili, na utoe mfano." Swali lilikuwa na pointi 10.

Msichana mmoja, wa kwanza wa kalasi, aliandika mbwa, mlio, chakula, mate, neno kwa neno kama ubaoni. Nikampa 9.

Mvulana mmoja aliandika kitu kingine. Alikuwa anakaa na mjomba wake, na siku za Jumamosi alikuwa anashuka shimoni kutafuta minervali. Kifaransa chake kilikuwa cha kuvunjika-vunjika. Aliandika hivi, kwa kifupi: mwanzo alipoingia shimoni, alikuwa anakimbia akiona udongo unaanguka. Kisha alizoea kwamba kabla ya udongo kuanguka, wenzake wanapiga kelele fulani. Sasa akisikia kelele ya namna ile, miguu inakimbia mbele ya kichwa kufikiri. Hata kalasini, sanduku la chaki likianguka, yeye amekwisha kusimama.

Nilimpa 2.

Aliningoja mlangoni. Aliniuliza, "Mwalimu, ile mfano yangu ni uongo?"

"Hapana, si uongo."

"Basi kosa iko wapi?"

"Hukuandika yenye tuliandika."

"Lakini swali ilisema kutoa mfano. Haikusema mfano ya Mwalimu."

Nilikasirika. Nilimwambia asinifundishe kazi yangu. Semesta ya pili ilipoanza, alikuja wiki mbili, kisha kiti chake kikabaki bure. Sisemi aliacha shule juu ya zile pointi 2 peke yake. Minervali ilikuwa deni, na shimo linalipa siku ileile. Lakini nyuma, nilipopanga makaratasi ya zamani, nilisoma tena jibu lake. Nikaona alikuwa ameelewa Pavlov kuliko kalasi yote, pengine kuliko mimi. Mwenye kustahili 8 ao 9 alikuwa yeye. Na yule msichana, mtoto mzuri, nilipomwuliza siku nyingine atoe mfano wa nyumbani kwao, alinyamaza. Yeye naye nilikuwa nimemdanganya, kwa kumfanya aamini kwamba amejua.

Kosa langu halikuwa ukali. Mwalimu mkali anaweza kuwa mwenye haki. Kosa langu ni kwamba sikusema mbele ninataka nini. Nilitaka wakariri ao nilitaka waelewe? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Niliamua wakati wa kusahihisha, kalamu mkononi, nikiangalia jina la juu ya karatasi.

SI KWETU PEKE YAKE

Msiwaze kwamba ugonjwa huu ni wa Maniema tu. Mwaka 1913, kule Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott walichukua karatasi moja ya ekzameni ya jiometri, wakaipeleka kwa walimu zaidi ya mia moja waisahihishe. Karatasi ni ileile. Mwalimu mmoja aliipa chini ya 30 juu ya 100, mwingine akaipa zaidi ya 90. Na jiometri ni hesabu, mambo ya mstari na pembe! Walijaribu karatasi ya historia pia, wakakuta vilevile walimu wanaachana mbali sana.

Mwaka 1968, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, wa Marekani vilevile, walitoa kitabu juu ya jambo walilofanya katika shule moja ya msingi. Waliwaambia walimu kwamba watoto fulani, majina haya na haya, wataendelea sana mwaka huu. Kumbe majina yale yalichaguliwa ovyo, kama kura. Mwaka ulipokwisha, katika kalasi za chini, watoto wale walikuwa wamepanda kuliko wenzao katika kipimo cha akili. Wataalamu wengine walibisha juu ya ukubwa wa tofauti ile, na mabishano yale ni ya haki. Lakini kila mwalimu mkweli anajua moyoni: mtoto tunayemngojea mazuri, tunampa wakati wa kujibu, tunamwuliza tena, tunamcheka kidogo. Yule tuliyemhesabu kuwa "mtu wa shimo", tunampita.

Na mtoto anasikia. Nasi wazazi tunaofundisha bila chaki, tunafanya vilevile tunaposema mbele ya wageni, "Huyu ndiye mwenye kichwa. Yule, ni mikono tu."

MFANO WA HISTORIA

Sasa tuone namna inavyoweza kwenda vizuri. Tuchukue historia, kwa maana vijana wengi wananiambia, "Papa, historia ni tarehe za Wazungu, unabloke tu."

Si kweli. Historia ya dunia ilipita kwenye njia zetu. Kasongo na Nyangwe zilijulikana Zanzibar na Ulaya kabla ya miji mingi ya Kongo ya leo kuwako. Kiswahili hiki ninachoandika kilifika huku pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Na katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani walipokamata Malaya mwaka 1942, bati ya Kongo ilitafutwa sana, na Maniema ilikuwa moja ya mahali ilipochimbwa. Mtoto wa mchimbaji ana haki ya kujua kwamba jembe la babu yake limo ndani ya kitabu.

Basi mwalimu anauliza: "Eleza vita vya 1892 mpaka 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu-Waswahili." Pointi 10.

Mwanafunzi wa kwanza anajibu: vita vilianza 1892, askari wa Francis Dhanis waliingia Nyangwe mwezi wa 3 mwaka 1893, na Kasongo mwezi wa 4, vita vilikwisha 1894. Yote ni kweli.

Mwanafunzi wa pili anasahau mwezi wa Nyangwe. Lakini anaeleza: Mkutano wa Berlin wa 1884-1885 ulikuwa umempa Mfalme Leopold II nafasi ya kuitwa mwenye nchi. Kwanza alipatana na Tippu Tip, akamfanya gavana wa Stanley Falls, ambayo ni Kisangani ya leo, mwaka 1887. Lakini pembe zilikuwa zinaenda mashariki mpaka Zanzibar, na Dola ilizitaka zishuke mtoni mpaka Atlantiki. Wenye biashara wawili, mali moja: ndipo vita. Na kisha anaongeza kwamba wanakijiji hawakupata uhuru kwa vita ile, walibadilisha mabwana.

Nani apewe zaidi? Ukiniuliza bila mizani, nitajibu kwa roho yangu, na jirani yangu atajibu kwa yake. Lakini tuseme mwalimu aliandika ubaoni wiki moja mbele: "Tarehe na majina, pointi 3. Sababu, pointi 4. Matokeo kwa watu, pointi 2. Mpango wa jibu, pointi 1." Hapo wa kwanza anapata 3 za tarehe, na 1 ya mpango: 4. Wa pili anapata 2 za tarehe, 4 za sababu, 2 za matokeo, na 1 ya mpango: 9. Hakuna wa kulia. Wa kwanza akilalamika, mwalimu anamwonyesha ubao. Na mara ya pili yule wa kwanza atatafuta sababu, kwa sababu anajua ndiko pointi ziliko.

Mistari mine ubaoni. Haina bei. Haihitaji umeme wala kitabu kutoka Kinshasa.

NAMNA YA KUSOMA BULETINI

Wazazi, sasa tuifungue ile karatasi iliyo chini ya godoro. Katika humanités kila semesta ina vipindi viwili na ekzameni. Kama somo lina maksima 10 kwa kipindi, ekzameni yake ni 20, na jumla ya semesta ni 40. Maana yake ekzameni peke yake ni nusu.

Angalia watoto wawili. Wa kwanza: 8, kisha 7, ekzameni 6 juu ya 20. Jumla 21 juu ya 40. Wa pili: 4, kisha 5, ekzameni 14. Jumla 23 juu ya 40. Kwa asilimia, wote wawili wamepita nusu, na baba atasema "sawa" kwa wote wawili. Lakini ni magonjwa mawili mbalimbali! Wa kwanza anafanya vizuri mambo yakiwa machache na mapya. Yakikusanyika, anapotea, ao aliogopa, ao wiki ile ya ekzameni hakulala juu ya mtoto mchanga aliyewekewa mgongoni. Wa pili alianza vibaya, pengine hakuwa na daftari, pengine alifukuzwa juu ya minervali, lakini alikaza. Huyu wa pili anastahili kusifiwa kwa sauti kubwa. Fimbo haiwezi kutofautisha hawa wawili. Maswali yanaweza.

Angalia pia maksima ya kila somo. Kuanguka katika somo la maksima 10 si sawa na kuanguka katika somo la maksima 40. Na kama mtoto ana pointi ndogo katika historia, psikolojia na jeografia kwa pamoja, lakini hesabu ni nzuri, mwulize juu ya Kifaransa. Mara nyingi mtoto anajua jambo kwa Kiswahili, hana maneno ya kuliandika. Ugonjwa wake ni lugha. Asome Kifaransa kila siku nusu saa, hata karatasi iliyofungia sabuni.

MAHALI MIZANI IMEFICHWA

Sasa jambo zito, na mama zetu wataniruhusu niliseme wazi.

Mnunuzi anayeficha mizani ana sababu ya kuificha. Vilevile shuleni. Mahali ambapo hakuna anayejua pointi zinatoka wapi, ndipo zinaanza kuuzwa. Kwanza kwa kuku. Kisha kwa franga za "karatasi ya ekzameni". Kisha msichana anaambiwa, "Pointi zako ziko kwangu nyumbani, kuja uzichukue jioni." Nimesikia hayo kutoka kwa wasichana zaidi ya mmoja, wakilia, na wengine walikuwa wamekwisha kuacha shule na kubeba mimba wakati nilipowasikia.

Wazazi, hiyo si hila ya ujana. Ni kosa kubwa mbele ya sheria ya Kongo: sheria ya 2006 juu ya mambo ya ubakaji na unyanyasaji, na sheria ya mwezi wa kwanza 2009 inayolinda mtoto, yaani kila mtu asiyefika miaka 18. Binti akikuambia neno kama hilo, usimwulize alivaa nini. Mwamini, nenda naye kwa prefe, nenda na mtu wa kamati ya wazazi, na prefe akinyamaza usinyamaze weye.

Lakini tuone pia kinga. Msichana ambaye karatasi yake imerudishwa, imeandikwa hapa 3, hapa 4, hapa 2, nani atamwambia pointi ziko nyumbani? Ziko mkononi mwake.

TUFANYE NINI?

Kwa mwanafunzi:

1. Siku ya kwanza ya somo, uliza kwa heshima: "Mwalimu, kwa ekzameni utatuomba kukariri ao kueleza? Pointi zitagawanywa namna gani?" Kuuliza si ujinga.

2. Ukirudishiwa karatasi, usiangalie namba tu. Tafuta mahali pointi zilipopotea, uandike katika daftari.

3. Kila jambo ulilolisoma, tafutia mfano kijijini kwenu, ao sokoni, ao shimoni. Kama huwezi kuupata, bado hujalielewa.

4. Usidharau kukariri. Ekzameni ya Serikali, iliyoanza mwaka 1967, ina dissertation ya kueleza, lakini ina pia maswali mengi ya kuchagua jibu moja, na hapo tarehe ni tarehe. Kichwa kinahitaji vyote viwili.

Kwa mzazi:

1. Omba kuona karatasi zenyewe, si buletini tu. Hata kama hukusoma Kifaransa, mwambie mtoto akueleze kila jibu kwa Kiswahili. Utajua mara moja kama ameelewa.

2. Ukienda kwa mwalimu, usiende na hasira. Anza hivi: "Mwalimu, nimekuja kujua unangojea nini kwa mtoto wangu." Walimu wengi hawajawahi kuulizwa neno hilo tangu waanze kazi.

3. Usiseme "twende kwa shimo" kama adhabu. Shimo ni kazi ngumu ya watu wazima. Ukilifanya fimbo leo, kesho mtoto ataliona kuwa mlango.

Kwa mwalimu, ndugu yangu wa chaki:

Najua kalasi ina watoto wengi kuliko viti, na mshahara unachelewa. Sikuombi mambo makubwa. Andika mistari mine ubaoni mbele ya ekzameni. Sahihisha swali la kwanza kwa wote, kisha la pili kwa wote, ukiwa umekunja pale penye jina. Na ukikuta jibu ambalo hukulifundisha, usikimbilie kalamu nyekundu. Jiulize kwanza: ni uongo, ao ni kweli nisiyoizoea?

Yule mvulana wangu nilimwona tena miaka ilipopita. Sasa ni mwanaume mwenye watoto. Nilimwambia, "Ile karatasi yako ya Pavlov, nilikosa. Ilikuwa 9." Alicheka, akatikisa kichwa. Akaniambia, "Papa Mwalimu, sasa nitaipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nimewaandikia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

1. Buletini ya mwisho ilipoletwa nyumbani kwetu, neno la kwanza tulilosema lilikuwa gani?

2. Kila mtoto wetu, tunamngojea nini? Tumekwisha kumwambia, ao anabahatisha?

3. Nani katika jamaa yetu anaitwa "mikono tu"? Nani alianza kumwita hivyo?

4. Binti yetu akitishwa juu ya pointi, anajua atakwenda kwa nani?

Kaeni salama. Na ile karatasi iliyo chini ya godoro, itoeni leo.